Kocha msaidizi anayeukimbilia mpira kabla ya wachezaji wake

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Denise Fetterolf anapiga goti moja kwenye mstari wa goli na kubandika kiganja juu ya nyasi bandia. Anakiacha hapo kidogo, kama mama anayempima mtoto homa. Kisha anakiinua, anakitazama chini ya taa za uwanja, na kupaza sauti.

"Clair! Upande huu bado mkavu!"

"Hata koo langu bado kavu," anajibu Clair Shuey, mtunza uwanja mwenye miaka sabini na moja, kutoka ndani ya kibanda cha pampu. "Kahawa kwanza, maji baadaye."

"Kahawa yako nimeiweka juu ya ndoo ya mipira. Washa pampu, mzee."

Pampu inakohoa mara mbili, inanyamaza, inakohoa tena. Maji yanaruka kutoka pembeni na kushuka kama manyunyu. Bila maji, mpira wa magongo hurukaruka kwenye nyasi hizi na kuwapiga watu miguuni. Pakilowa, unateleza kama sabuni. Denise anainuka kwa kushika nguzo ya goli. Lile goti jingine, la kulia, siku hizi halikubali kupigwa kabisa.

Ni Alhamisi ya mwisho ya Oktoba. Mahindi ya ng'ambo ya barabara yameshavunwa na baridi inauma masikio. Saa moja kamili, watu watano wa kamati ya ajira watakuja kukaa kwenye benchi za bati pale kando, wamtazame Denise akifundisha.

Ana miaka 47. Kwa misimu kumi na tisa amekuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa magongo katika Chuo cha Ebersole, mjini Wennersville, Pennsylvania. Kocha mkuu, Peg Rauhauser, anastaafu msimu huu baada ya miaka thelathini na mmoja. Nafasi yake inagombewa na watu watatu, na Denise ni mmoja wao.

Asipoipata, si kwamba atabaki alipo. Katika kazi hii kocha mkuu mpya huja na msaidizi wake, kama bibi harusi anavyokuja na masanduku yake. Wa zamani hufungasha.

"Msaidizi ni mkia," anasema Denise. "Kichwa kikihama, mkia hauulizwi."

Hana pa kuhamia kwa urahisi. Mama yake, Bi. Arlene, mwenye miaka 79, anaishi naye katika nyumba ndogo nyuma ya kituo cha zimamoto, na hataki kusikia habari ya mji mwingine. Alipoambiwa kuwa kuna chuo Ohio kinatafuta msaidizi, aliendelea kupaka jemu ya matofaa kwenye mkate wake. "Nenda salama," alisema. "Utaniandikia."

Denise alizaliwa maili kumi kutoka hapa, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Gongo lake la kwanza lilikuwa la binamu yake, limevunjika mpini na kufungwa kwa utepe wa kufungia marobota ya nyasi. Msimu wake wa kwanza Ebersole alilipwa dola 4,500, pamoja na chakula cha jioni katika bwalo la wanafunzi. Asubuhi alikuwa akisokota unga uliokandwa kwenye kiwanda cha biskuti za chumvi, mchana anakuja uwanjani na unga kwenye nyusi. Leo analipwa dola 38,000 kwa mwaka.

Kwa fedha hizo yeye hufua jezi, huendesha gari majimbo matatu kutafuta wachezaji, huwaandikia barua wazazi, hukata vipande vya video za mechi, hujua nani haruhusiwi kula karanga kwenye basi na nani ameachana na mpenzi wake wiki ya mtihani. Lakini ukimuuliza kazi yake hasa ni nini, hatataja hata moja kati ya hizo.

"Kona," atakwambia. "Mimi ni mtu wa kona."

Kona anayoisema ni kona ya adhabu. Mpira hutolewa kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa duara lililochorwa mbele ya goli, ambako mpigaji mwenye nguvu anausubiri. Wanaojilinda ni watano tu: kipa, na wenzake wanne waliopangwa nyuma ya mstari. Mpira ukiguswa, mmoja wao, anayeitwa mkimbiaji wa kwanza, huchomoka kumwendea mpigaji uso kwa uso. Ana barakoa ngumu ya kukinga uso, ana kinga za magoti, ana gongo, na ana kama sekunde moja na nusu. Mpira ni mgumu kama jiwe na huja kwa maili sitini kwa saa.

Denise ndiye anayeamua mkimbiaji huyo apite njia gani. Na ana sharti lake ambalo wachezaji wote wanalijua: hakuna msichana atakayekimbia njia mpya kwenye mechi kabla Denise mwenyewe hajaikimbia, wiki hiyo hiyo, mpira ukipigwa kweli.

Sharti hilo lina umri wa miaka kumi na miwili, na lilianza kwa soksi.

Mwaka ule Ebersole walikuwa nusu fainali. Denise alikuwa ametazama mechi tatu za wapinzani na kugundua jambo: mtoa mpira wao akivuta soksi ya kushoto, mpira unakwenda kushoto. Mara tisa kati ya tisa. Ilipotolewa kona ya mwisho, akamwona yule msichana anainama na kuvuta soksi ya kushoto. Denise akampigia kelele mkimbiaji wake, Corrine Haas, mwanafunzi wa mwaka wa pili: "Kushoto! Kushoto!"

Corrine akageuza kichwa kushoto. Mpira ukaja katikati. Ukampata chini ya ukingo wa barakoa, ukavunja taya mahali pawili na kuondoka na meno mawili.

"Soksi ilikuwa imelegea," anasema Denise. "Hakuna zaidi. Msichana wa watu soksi yake imelegea, anaivuta. Mimi nikaona ishara."

Jumatatu iliyofuata alinunua barakoa yake mwenyewe kwa fedha yake mwenyewe, akaenda kusimama kwenye mstari wa goli.

Si kila mtu anaipenda habari hii. Miaka michache iliyopita mama wa mchezaji mmoja aliandika barua chuoni akisema kocha anayejitupa mbele ya mpira anawafundisha wasichana kuona aibu kuogopa. Peg Rauhauser, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kokoto, hakuichana barua hiyo. Mpaka leo ipo kwenye droo yake.

"Yule mama hakukosea sana," anasema Peg. "Nimemwambia Denise: unawalinda, sawa. Lakini pia unajichapa. Na hao watoto si vipofu."

Wiki hii sharti limekwama. Jumamosi Ebersole wanacheza na Chuo cha Larkmoor, wenye mpigaji ambaye husimama nusu hatua pembeni zaidi kuliko wengine wote na kuukokota mpira kabla ya kuurusha. Njia ya kumwendea lazima ibadilike. Mkimbiaji wa siku zote ameteguka kifundo. Anayemshikia nafasi ni Ailish Dougherty, msichana wa mwaka wa kwanza kutoka pembezoni mwa Philadelphia. Denise alipanga kuikimbia njia hiyo mpya Jumatatu. Jumatatu akaamka goti limevimba kama boga, na Peg akamfungia barakoa kabatini.

Halafu jana jioni mkurugenzi wa michezo, Todd Lindqvist, akampigia simu. Alisema kamati ingependa kumwona akiongoza. Peg alipoelezwa, akaifasiri kwa maneno machache: "Usivae barakoa, Denise. Wanatafuta kichwa. Simama katikati, shika filimbi, nyoosha kidole."

Kwa hiyo asubuhi hii Denise amevaa koti la bluu la chuo lililopigwa pasi na mama yake, na filimbi shingoni.

"Kocha, umependeza," anasema Tessa Kauffman, nahodha, akiburuta mfuko wa magongo. "Nani amefariki?"

"Wewe, usiponyoosha misuli."

"Mnasikia? Koti halijambadilisha."

Saa moja kamili wanakuja. Mkurugenzi Lindqvist mbele, nyuma yake wanawake wawili wa utawala, mwanafunzi mmoja wa zamani, na mwalimu wa kemia, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, aliyebeba chupa ya chai na blanketi kama mtu anayejua benchi za bati zilivyo. Wanakaa. Wanatoa karatasi.

Nusu saa ya kwanza inakwenda vizuri. Denise anapuliza filimbi, ananyoosha kidole, anatembea polepole ili goti lisionekane. Mwanamke mmoja wa utawala anaandika na kuitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kisha inafika zamu ya kona.

Denise anamwonyesha Ailish njia kwa kuweka vikombe vya plastiki chini. Anamweleza. Ailish anaitikia kila neno. Mpira unatolewa, Tessa anaupokea, anaurusha. Ailish anachomoka, anafika nusu ya njia, na kuuficha uso begani.

"Macho, Ailish! Tena."

Mara ya pili anasimama kabisa. Mara ya tatu anakimbia vizuri hadi hatua ya mwisho, halafu kichwa kinageuka kushoto. Mpira unapita sentimita chache kutoka sikioni na kugonga ubao wa goli, na mlio wake unasikika hadi barabarani.

"Samahani, Kocha," anasema Ailish. Amevua barakoa, midomo imepauka. "Najua njia. Miguu inajua. Shingo ndiyo inakataa."

"Jikaze, mtoto wa mjini," anasema kipa kutoka golini. "Ukikwepa wewe, unanipata mimi."

"Wewe umevaa magodoro!"

Wasichana wanacheka. Denise hacheki. Ametazama pale kichwa cha Ailish kilipogeukia.

Anageuka kumtazama Peg, aliyeegemea uzio. Peg anatikisa kichwa: hapana. Anatazama benchi. Mkurugenzi ameinua macho kutoka kwenye karatasi.

Denise anavua koti, analikunja mara mbili, analiweka juu ya ndoo ya mipira. Anamwendea Peg na kunyoosha mkono.

"Ufunguo."

"Denise."

"Peg, ufunguo wa kabati."

"Wamekuja kutafuta mtu wa kusimama," Peg anamwambia kwa sauti ya chini. "Wakikuona unakimbia, wataandika 'msaidizi' na kwenda kunywa chai. Umenielewa? Ndiyo kazi yako hiyo inayoondoka."

"Nimekuelewa. Keshokutwa yule mtoto anasimama pale, na njia hiyo hakuna aliyeipita. Nimeichora kwenye karatasi tu. Safari iliyopita pia nilikuwa na karatasi."

Peg anatoa ufunguo.

Dakika tatu baadaye, mwanamke wa miaka 47 amesimama nyuma ya mstari wa goli akiwa na barakoa na kinga za magoti juu ya suruali ya heshima. Anamwita Ailish asimame nyuma ya wavu, mahali ambapo ataona anachokiona yeye.

"Tessa! Piga kama unanichukia."

"Kocha, hilo halihitaji kuigiza," anasema Tessa. "Bado naikumbuka adhabu uliyonipa ya kukimbia mlima."

Mpira unatolewa. Denise anachomoka. Hakimbii kama zamani. Mguu wa kulia unachelewa, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Lakini kichwa kimetulia. Tessa anaurusha mpira, na mpira unampata Denise pajani, juu ya kinga, kwa sauti ya nyama inayopigwa kwa ubao.

Anaanguka kwenye maji. Pampu tu ndiyo inayokohoa.

Anakaa. Anavua barakoa. "Hatua ya tatu ni fupi mno," anasema, akihema. "Hapo ndipo mtu anapotafuta pa kukimbilia. Sogeza kikombe mbele kidogo, Ailish. Na mpira unaonekana njia nzima. Nimeuona njia nzima. Rangi yake, mshono wake, kila kitu."

"Ulikuwa unaogopa?" anauliza Ailish.

Denise anajifuta maji usoni. Anatazama paja lake. "Ndiyo," anasema. "Sana."

Ailish anasogeza kikombe. Mara ya kwanza anafumba macho, lakini shingo haigeuki. Mara ya tatu anauzuia mpira kwa gongo, na Tessa anamfuata kumpiga kofi la mgongo linalokaribia kumwangusha.

Kwenye benchi, mkurugenzi amesimama wima, rangi imemwondoka. Mwalimu wa kemia anamimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake.

"Hii," anamuuliza, "ni sehemu ya usaili?"

Usaili wenyewe ulifanyika mchana, katika chumba chenye zulia. Denise aliingia na barafu imefungwa pajani. Aliulizwa anaiona wapi timu baada ya miaka mitano. "Pale pale, ila pampu imepona," alijibu. Aliulizwa falsafa yake ya uongozi, akaomba maji. Mwalimu wa kemia ndiye aliyeuliza swali la mwisho: kwa nini alikimbia, akijua wanamtazama?

Denise anakumbuka jibu lake. "Nilimwambia, kwa sababu ilikuwa Alhamisi. Baada ya Alhamisi hakuna siku nyingine ya mazoezi ya kona."

Jumamosi Ebersole walifungwa mawili kwa moja. Larkmoor walipata kona sita. Ailish Dougherty alizuia nne, moja kwa kinga ya goti, na alitoka uwanjani na meno yake yote. Baba yake alikuwa kando ya uwanja na bakuli la supu ya kuku na mahindi mikononi. Hakula hata kijiko mpaka filimbi ya mwisho.

Jumatano iliyofuata Denise aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Kamati ilikuwa imegawanyika, watatu kwa wawili. Uamuzi wao haukuwa ndiyo wala hapana: wanampa nafasi kama kaimu kocha mkuu kwa mwaka mmoja, dola 46,000, kisha nafasi itatangazwa upya. Mwaka huo hakutakuwa na fedha ya msaidizi. Na kuna sharti moja, limetoka kwa watu wa bima, limeandikwa kwenye barua na kupigiwa mstari: kocha mkuu haingii kwenye zoezi lolote la mpira unaopigwa.

"Nilimuuliza Todd, hata Alhamisi?" anasema Denise. "Akasema, hasa Alhamisi."

Alipewa mpaka Ijumaa kujibu.

Mtu anaweza kudhani alisaini pale pale. Hakusaini. Alikwenda nyumbani, akaiweka barua chini ya chupa ya siki mezani, akaizunguka siku nzima. Mama yake alimwona.

"Wamekupa kazi uliyoililia, na umekaa kama umefiwa," alisema Bi. Arlene.

"Wamenipa kazi, wamenikataza kuifanya."

"Wamekukataza kuvunjika mguu. Ingekuwapo bima ya namna hiyo ulipokuwa na miaka tisa, ningeinunua."

Daktari naye alikuwa ameshasema. Gegedu la goti la kulia limekwisha. Upasuaji ni Desemba, na baada ya hapo hakuna kukimbia kwa mwaka, labda kwa maisha. Hata bila ile barua, sharti lake la miaka kumi na miwili lilikuwa limefika mwisho. Alichokuwa akikizunguka pale mezani ni swali moja: je, anaweza kumtuma mtoto wa watu mahali ambapo yeye hatangulii?

Alhamisi mchana aliwasha gari na kwenda dakika ishirini kusini, kwenye shule ya sekondari ambako mwalimu wa michezo ni Corrine Haas.

Corrine ana miaka 32 sasa. Ana kipande cha chuma kwenye taya na meno mawili ya bandia, ambayo huyatoa kuwatisha wanafunzi wanaochelewa. Mwenyewe anasema taya lake linatabiri theluji kuliko televisheni. Yeye na Denise huonana kila mwaka kwenye mbio za kuchangia zimamoto, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Habari ya siku ile hawajawahi kuigusa tangu Denise alipokwenda hospitali na supu ambayo Corrine hakuweza kuinywa bila mrija.

Walikaa kwenye ngazi za ukumbi wa michezo, madarasa yakiendelea. Denise akamweleza yote: barua, bima, goti, Ailish. Corrine alisikiliza akiutupa mpira wa tenisi ukutani na kuudaka.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba ruhusa usikimbie," akasema Corrine.

"Sijui nimekuja kuomba nini."

"Basi nikusaidie. Miaka kumi na miwili unakimbia kwa ajili ya taya langu. Umewahi kuniuliza kama nimekutuma?"

Denise akalisugua goti lake la kulia.

"Sikukutuma," akasema Corrine. "Kila mwaka nasikia: Kocha kapigwa mbavu, Kocha kapigwa paja. Unajua mimi hujisikiaje? Kama nimekukopesha kitu na unanilipa kwa mlango wa nyuma, na mimi mlango huo sikuufungua. Nilivunjika taya kwenye mchezo. Ulikosea. Ile soksi nami niliiona, Kocha. Ningekuwa wewe, ningesema kushoto vilevile."

Denise anasema alilia pale kwenye ngazi, na watoto wa darasa la tisa walipita wakamwona. Corrine anasema hakulia, alipiga chafya tu. Hawajaafikiana.

Walipomaliza hilo, Corrine akaudaka mpira na kuutia mfukoni.

"Una hela ya msaidizi?"

"Hata senti. Kuna chakula cha jioni bwaloni."

"Bado wanapika ile nyama iliyosagwa ya Jumanne?"

"Mpaka leo."

"Mungu wangu." Corrine akatazama saa yake. "Alhamisi natoka shule saa nane. Hamishia mazoezi ya kona alasiri, nitakuja. Njia mpya nitaikimbia mimi, na hao watoto wataona kuwa mtu akivunjika anapona na kurudi. Ila nina sharti moja, na si la bima."

"Lipi?"

"Wewe simama. Usitazame miguu yangu, mtazame mpigaji. Na safari hii, utazame vizuri."

Denise Fetterolf alisaini barua Ijumaa saa tatu asubuhi. Upasuaji wake ni tarehe tisa Desemba. Anatumaini kufikia Agosti, wachezaji wakirudi, atakuwa akitembea bila fimbo, na kwamba baada ya mwaka mmoja lile neno kaimu litafutwa mbele ya jina lake. Kuhusu hilo anasema hana la kufanya isipokuwa kazi. Ameomba pampu mpya kwa maandishi, mara mbili.

Asubuhi ya Jumatatu, msimu ukiwa umekwisha na uwanja mtupu, anakaa juu ya ndoo ya mipira na barakoa yake mapajani. Analegeza kamba zake moja moja, kwa kucha, kwa sababu zimekaza kwa miaka mingi na hazitaki kuachia.

"Corrine ana kichwa kikubwa," anasema. "Alikuwa nacho hata zamani. Barakoa ile ya chuo ilikuwa ndogo kwake, inapanda juu. Sikuliona hilo. Nilikuwa natazama soksi."

Anaipima kwa kuiinua mbele ya uso wake, bila kuivaa, na kutazama goli kupitia humo.

"Hii itamfika chini ya kidevu," anasema, na kuanza kamba ya pili.